Kalenda ya Mama

Mama hakuitoa ukutani ile kalenda ya mwaka sabini na sita,
ya kampuni ya vibiriti, yenye picha ya tembo
aliyepauka hata akawa wingu lenye masikio.
Kila mwaka ilitudanganya. Ikisema Jumapili, kumbe Jumatano.
Tulizoea kuishi na karatasi isiyojua siku.

Mpaka elfu mbili na nne,
Spiridoni Kiggundu, mpangaji wa chumba cha uani,
alipoitazama, kikombe cha chai mkononi:
"Mama Driciru, kalenda yako imepona!"
Akahesabu kwa kidole. Januari imeanza Alhamisi.
Februari ina ishirini na tisa.
Julai nne, Jumapili.
Baada ya miaka ishirini na minane
ukuta wetu wa Kitooro ulikuwa unasema kweli.

Mama hakucheka.

Ile Jumapili ya kwanza ilikuwa na dakika chache tu tangu izaliwe,
na Koplo Anguzu, baba yangu, alisimama kwenye mlango
wa jengo la zamani la uwanja wa ndege, Entebbe,
bunduki begani, soksi moja imetoboka.
(Mama ndiye ajuaye. Aliahidi kuishona Jumatatu.)
Ndani, abiria wamelala sakafuni,
watu wa ndege iliyotekwa ilipotoka Athene.
Hakuwateka yeye. Kuwaachia hakuweza.
Alipewa mlango.
Saa sita ya usiku ndege nyingine zikashuka gizani.
Kulipokucha mlango ulikuwa wazi,
hauna wa kuulinda wala wa kulindwa.

Tangu hapo Athene, kwa Mama, si mji.
Ni neno la redioni.
Ni kituo ambapo balaa lilipanda na tiketi yake mkononi.

Spiridoni alibatizwa Namungoona, kwa Waorthodoksi,
na padri Mganda mwenye ndevu zilizofika msalabani.
Ugiriki hajafika. Anajua Kirie eleison na bei ya mishumaa.
Lakini jioni ile alijifunga shuka ya bluu na nyeupe
akatuburuta hadi kibanda cha video,
shilingi mia tano kila kichwa:
fainali, Ureno na Ugiriki, huko Lisboni.
Kibanda kizima kilikuwa Kireno. Mimi pia.
Mama alikuja kwa kuwa usiku wa tarehe hiyo
halali hata akibaki nyumbani.

Saa tano kasoro kidogo: kona. Kichwa. Wavu.
Spiridoni akapiga mayowe peke yake
kama jogoo aliyekosea saa.
Kisha hakikutokea kitu,
na hicho ndicho nilichokuja kukielewa baadaye.
Nusu saa na ushei Wagiriki hawakucheza, walilinda.
Mpira ukija, mguu. Ukirudi, kifua.
Ukija tena, mtu mzima anajitupa chini kama gunia la pamba.
Watu wakazomea: "Huu si mpira, huu ni uaskari!"

Mama akajisogeza ukingoni mwa benchi.
Alishika ncha ya shuka ya Spiridoni,
akaikunja, akaikunjua.
"Yule wa mlangoni," akauliza, "ataachwa peke yake?"
"La, Mama. Tazama, wenziwe wote wamerudi."

Firimbi ilipolia, Jumapili ilikuwa imebakiza
muda wa kuchemsha maharage mabichi.
Mama akasema kwa Kilugbara,
halafu kwa Kiswahili ili mpangaji naye asikie:
"Kumbe mlinzi naye hushinda."
Hakuongeza neno. Njiani alilalamika mkaa umeisha.

Asubuhi kalenda ilikuwa bado msumarini.
Kwenye kisanduku cha nne, kando ya msalaba wa wino wa siku nyingi,
palikuwa na duara dogo la penseli,
kama mpira,
au kama tundu la soksi.